Mwongozo Kamili wa Kutibu Magaga na Kutunza Ngozi ya Nyayo kwa Vitu vya Nyumbani

Kisigino kilichokauka hujitambulisha usiku. Unavuta shuka, uzi unanasa kwenye ukingo wa ngozi iliyopasuka, na ukipitisha kidole hapo unahisi mkwaruzo kama wa msasa. Hapo ndipo wengi wetu tunapoikumbuka miguu yetu. Kesho yake tunaisugua kwa nguvu zote, tunaipaka mafuta mara moja, tunarudi kwenye shughuli zetu, na baada ya siku tatu magaga yako palepale. Tatizo si kwamba dawa za nyumbani hazifai. Tatizo ni mpangilio. Ngozi ya unyayo hutaka ilainishwe kwanza, ipunguzwe kidogo, ipewe unyevu, kisha unyevu huo ufungiwe ndani usitoroke. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayorukwa zaidi.

Kwa nini unyayo hukauka kuliko sehemu nyingine

Ngozi ya uso na ya kichwa ina tezi zinazotoa mafuta yake yenyewe mchana na usiku. Unyayo hauna tezi hizo hata moja. Una tezi za jasho kwa wingi mno, lakini jasho ni maji na chumvi, na likikauka haliachi kinga ya mafuta. Kwa hiyo mafuta yote ambayo unyayo utayapata ni yale unayoupaka wewe.

Jambo la pili ni unene. Tabaka la juu la ngozi ya unyayo hufikia takriban milimita 1.5, ilhali kwenye kope la jicho ni takriban milimita 0.05 tu. Unene huo ni neema, kwa kuwa ndio unaotuwezesha kukanyaga ardhi siku nzima bila kuumia. Hata hivyo, gamba la juu linapopoteza maji huwa gumu na hukosa mnyumbuko. Unapokanyaga, mto wa mafuta ulio chini ya mfupa wa kisigino hutanuka kuelekea pembeni. Ngozi laini hutanuka nao, lakini ukingo uliokakamaa hauwezi, na hivyo hupasuka. Hii ndiyo sababu magaga hukaa kwenye mzingo wa kisigino na si katikati yake, na ndiyo sababu huwa mabaya zaidi kwa mtu anayesimama muda mrefu kwenye sakafu ngumu, mwenye uzito mkubwa, au anayevaa ndala na viatu vilivyo wazi nyuma, ambavyo huacha kisigino kitanuke bila kuzuiwa na kitu.

Nani asianze bila kumwona mhudumu wa afya

Sehemu hii naiweka mbele kwa makusudi, kwa maana inahusu watu ambao mwongozo wa kawaida unaweza kuwadhuru. Mtu mwenye kisukari, mwenye ganzi miguuni, au ambaye damu haifiki vizuri kwenye miguu yake, asiloweke miguu wala kuisugua kwa jiwe kabla ya kupata ushauri. Mguu wenye ganzi hauhisi maji ya moto wala haujui kwamba jiwe limepita mpaka, na kidonda kidogo kwa mtu wa namna hiyo kinaweza kuchukua miezi kupona au kuishia pabaya. Kwake yeye kilicho salama ni kuosha miguu kwa muda mfupi, kuikausha vizuri, kupaka mafuta juu na chini lakini si katikati ya vidole, na kukagua nyayo kila siku kwa kioo au kwa macho ya mtu wa nyumbani. Mwenye soriasisi au ukurutu wa nyayo naye apate kwanza maelekezo ya daktari, kwa sababu kusugua huweza kuuchochea ugonjwa.

Kisha hakikisha kwamba unachokiona ni ukavu kweli. Kuna fangasi wa miguu ambao hawatoi malengelenge wala harufu. Huonekana kama unga mweupe uliojipanga kwenye mistari ya unyayo, mara nyingi mguu mmoja ukiwa umeathirika kuliko mwingine, huku kukiwa na mwasho au kucha zilizonenepa na kugeuka rangi. Mtu anaweza kupaka mafuta mwaka mzima asipate nafuu, kwa sababu tatizo lake linahitaji dawa ya fangasi kutoka duka la dawa, itumiwe kwa wiki zote zilizoelekezwa hata kama ngozi imeonekana safi mapema.

Vitu vya kuandaa

Huhitaji vingi. Tafuta beseni ambalo miguu yote miwili inaingia bila kujikunja, taulo la miguu pekee, jiwe la kusugulia miguu au ubao wenye msasa laini, soksi za pamba zisizobana, mafuta ya mgando yasiyo na manukato, na mafuta ya maji ya aina moja, iwe ni ya nazi au ya alizeti. Ukipata glisirini, oti na nta ya nyuki, vitatumika pia. Kitu chochote ambacho hujawahi kujipaka, jaribu kwanza kidogo upande wa ndani wa mkono na usubiri saa 24. Ngozi ikiwasha au ikiwa nyekundu, kiache.

Hatua ya kwanza: kuloweka

Jaza beseni maji ya uvuguvugu, yaani yanayokaribia joto la mwili, nyuzi 37 au 38 hivi. Yapime kwa kiwiko na si kwa mguu, kwa kuwa unyayo mnene huchelewa kuhisi moto. Loweka kwa dakika kumi, au kumi na tano ukizidisha. Watu wengi hudhani kwamba kadiri unavyoloweka ndivyo ngozi inavyofaidika, lakini maji yakikaa sana huondoa vitu vya asili vinavyoshikilia unyevu ndani ya gamba, na yakishakauka mguu hubaki mkavu kuliko ulivyoanza. Sabuni kali nayo iache. Maji matupu yanatosha.

Ikiwa ngozi yako inawasha au imechoka, ongeza oti. Saga kikombe nusu cha oti kavu mpaka iwe unga laini kabisa. Kuna jaribio dogo la kujua kama umesaga vya kutosha: tia kijiko kimoja cha unga huo kwenye glasi ya maji na ukoroge. Maji yakigeuka meupe kama maziwa na unga ukaelea bila kuzama wote chini, uko tayari. Yakibaki maangavu na chembe zikatuama, rudisha kwenye mashine. Mimina unga wote kwenye beseni la lita nne hivi. Maji yatakuwa na utelezi kidogo, na utelezi huo ndio unaobaki juu ya ngozi ukiituliza. Shika ukuta au kiti unapotoka, kwa sababu sakafu nayo itateleza.

Hatua ya pili: kupunguza ngozi iliyokufa

Toa mguu, upangusie maji yanayochuruzika tu, na usugue ungali na unyevunyevu. Pitisha jiwe kwa mikono myepesi, kuelekea upande mmoja, mara kumi au kumi na tano kwa kila kisigino, kisha suuza na uguse kwa kidole. Lengo la siku ya kwanza ni kuondoa ukwaruzi wa juu peke yake. Ngozi hujijenga upya kwa wiki kadhaa, na ya unyayo huchukua muda mrefu kuliko ya sehemu nyingine, kwa hiyo hakuna namna ya kuifanya kazi ya mwezi kwa usiku mmoja. Ukisugua mpaka kisigino kiwe chekundu na kianze kuchoma, mwili utaelewa kwamba unashambuliwa na utajibu kwa kuotesha sugu nene zaidi. Nimewahi kuifanya haraka hiyo mwenyewe, nikafurahia ulaini wa jioni moja na kisha nikatembea kwa kuchechemea siku mbili.

Mara moja kwa wiki inatosha kwa wengi, na mara mbili kwa kisigino kilichokakamaa sana. Usilipitishe jiwe juu ya ufa uliofunguka au unaotoa damu. Usitumie wembe wala kisu kukwangua, hata kama umemwona mtu mwenye ustadi akifanya hivyo, kwa maana tofauti kati ya gamba lililokufa na nyama hai ni ndogo na haionekani vizuri mtu akiwa ameinama juu ya mguu wake mwenyewe.

Kwa ngozi ambayo si ngumu sana, yaani upande wa juu wa mguu na sehemu ya chini ya vidole, jiwe halihitajiki. Changanya vijiko viwili vya chakula vya sukari laini na kijiko kimoja cha mafuta ya nazi au ya alizeti, usugue taratibu kwa duara kwa dakika mbili, kisha uoshe. Naipenda sukari kuliko chumvi kwa sababu chumvi huchoma ikiingia kwenye nyufa, na sukari huyeyuka kabla haijakwaruza kupita kiasi.

Jiwe likishatumika, lisugue kwa brashi na sabuni, lisuuze, na uliache likauke kabisa juani au mahali penye hewa. Kila mtu awe na lake. Fangasi na chunjua huhama kwa urahisi mkubwa kwa njia ya jiwe linalochangiwa na nyumba nzima.

Hatua ya tatu: kuipa ngozi unyevu

Kausha mguu kwa kubonyeza taulo, usiuburuze, na utumie muda zaidi katikati ya vidole. Acha nyayo zikiwa na unyevu mdogo unaohisika kwa kiganja, maana huo ndio utakaoufungia ndani. Kuanzia hapo una dakika tatu hivi kabla haujapotelea hewani, kwa hiyo mafuta yawe karibu na soksi ziwe zimeshafunguliwa.

Mwenye glisirini ana silaha nzuri hapa. Glisirini huvuta maji na kuyashikilia, lakini ikipakwa tupu mahali penye hewa kavu inaweza kuyavuta kutoka ndani ya ngozi yenyewe. Ichanganye basi kijiko kimoja cha chai kwa viwili vya maji safi, upake tabaka jembamba, na usubiri dakika moja. Changanya ya usiku huo tu. Mchanganyiko wenye maji haukai, kwa sababu bakteria huota ndani yake bila kuonekana. Asali hufanya kazi inayofanana, ila inanata, na mimi huona usumbufu wake unazidi faida. Maboga, ndizi na maparachichi yaliyopondwa huacha unyevu wa muda mfupi na shughuli kubwa ya kuosha; papai bichi lina kimeng'enya kinachoweza kuiwasha ngozi iliyopasuka.

Hatua ya nne: kufunga

Fikiria chungu cha maji kilichoachwa wazi na kingine kilichofunikwa. Kilicho wazi kitapungua hata kama hakuna anayekunywa. Glisirini na maji uliyopaka ni kile kilicho ndani ya chungu. Bado hujaweka kifuniko.

Kati ya vitu vinavyopatikana nyumbani, mafuta ya mgando ndiyo kifuniko kigumu kuliko vyote. Najua wapo wanaoyakwepa kwa kuwa hutokana na mafuta ghafi ya petroli, lakini yale yaliyosafishwa kwa matumizi ya ngozi hayaingii mwilini wala hayaleti mzio kwa urahisi, na kwa kisigino kilichopasuka mimi huyachagua kabla ya mafuta yoyote ya mimea. Paka tabaka linalong'aa, si la kudondoka, kuanzia mzingo wa kisigino mpaka chini ya vidole, na usukume kidogo ndani ya kila ufa kwa ncha ya kidole. Vaa soksi za pamba papo hapo. Soksi huzuia mafuta yasiishie kwenye shuka, na zaidi ya hapo hupunguza hatari ya kuteleza ukiamka usiku. Mguu uliopakwa mafuta kwenye sakafu ya vigae ni hatari ambayo watu hawaifikirii mpaka waanguke.

Mafuta ya nazi na ya alizeti yanafaa sana kwa miguu mikavu ambayo haijapasuka. Ya alizeti yana asidi ya linoleiki, ambayo husaidia kujenga ukuta wa ngozi. Mafuta ya zeituni, pamoja na sifa zake nyingi mezani, yana asidi ya oleiki kwa wingi, na asidi hiyo huweza kuulegeza ukuta huo, kwa hiyo siyaweki mbele.

Kutengeneza malhamu ya nta

Wanaotaka kitu kigumu kuliko mafuta ya maji na chenye kukaa muda mrefu kwenye ngozi wanaweza kutengeneza malhamu. Pima gramu 20 za nta ya nyuki iliyokunwa na mililita 80 za mafuta ya alizeti. Weka bakuli linalostahimili joto juu ya sufuria yenye maji yanayochemka polepole, kisha utie vyote viwili. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo haihitaji moto mkali, na isiwekwe kamwe moja kwa moja juu ya jiko, kwa sababu ikizidi joto inaweza kushika moto.

Ikishayeyuka yote, chovya kijiko baridi na usubiri tone ligande. Libonyeze kwa kidole gumba. Likiwa gumu kama mshumaa, ongeza kijiko cha mafuta. Likiteleza kama mchuzi, ongeza nta kidogo. Unachotaka ni kitu kinachokubali kidole baada ya kukisugua kidogo. Mimina kwenye kopo safi lililokauka kabisa, uache lipoe bila kifuniko ili mvuke usigande ndani, kisha ulifunge. Kwa kuwa hakuna maji ndani yake, malhamu hiyo hukaa miezi kadhaa mahali pasipo na jua, mradi usiingize vidole vyenye maji. Ikianza kunuka kama mafuta ya kukaangia yaliyokaa siku nyingi, itupe.

Nyufa zenye kina

Ufa unaotoa damu umevuka gamba na kufika kwenye ngozi hai, kwa hiyo sasa ni kidonda na uangaliwe kama kidonda. Uoshe kwa maji safi na sabuni isiyo kali, uukaushe, weka mafuta ya mgando, kisha uuzibe kwa plasta ukivuta kingo mbili zisogeleane. Badilisha plasta kila siku na kila inapolowa. Wakati huo vaa viatu vilivyofungwa nyuma na soksi, ili kisigino kisitanuke kila unapokanyaga. Hatua hii moja huharakisha kupona kuliko mchanganyiko wowote wa jikoni. Usizibe ufa kwa gundi ya viatu au ya mbao.

Ukiona wekundu unaosambaa, joto, uvimbe, usaha, maumivu yanayozidi au homa, acha dawa za nyumbani na uende kwenye kituo cha afya siku hiyohiyo.

Vitu vya jikoni ambavyo havifai

Ndimu na limau vina tindikali kali, wakati ngozi yenye afya ina tindikali ndogo sana. Juisi yake ikiingia kwenye ufa huchoma mpaka mtu akapiga kelele, na ikibaki kwenye ngozi inayopigwa na jua inaweza kuleta malengelenge na madoa meusi yanayokaa wiki nyingi. Siki isiyochanganywa na maji imewahi kuwaunguza watu ngozi. Soda ya kuokea iko upande wa pili: ni alkali, huondoa tindikali ndogo inayoilinda ngozi, na hukausha. Mafuta makali ya manukato, yale yanayouzwa kwenye vichupa vidogo, nayo yasipakwe bila kuchanganywa, kwa kuwa huleta mzio.

Ratiba na matarajio

Kupaka na kufunga kufanyike kila usiku, kusugua mara moja kwa wiki. Baada ya usiku tatu au nne ukwaruzi hupungua na shuka huacha kunasa. Nyufa ndogo huhitaji wiki moja au mbili kufunga. Sugu nene huchukua mwezi mmoja au zaidi, na katika muda huo ipo wiki ambayo utadhani hakuna kinachobadilika, endelea tu. Ikifika wiki ya nne ukiwa umefuata hatua zote bila nafuu yoyote, muone daktari, kwani huenda ni fangasi au ugonjwa mwingine wa ngozi.

Katikati ya vidole usipake mafuta. Pale hapahitaji unyevu bali ukavu, na ngozi ikigeuka nyeupe na kulegea hapo ni mlango wa fangasi. Soksi za usiku zifuliwe baada ya kila matumizi mawili, kwa maji ya moto ikiwa kitambaa kinaruhusu, maana mafuta ya mimea yaliyolowa ndani yake huoza na kuanza kunuka. Kisigino kikishalainika, punguza jiwe mpaka mara moja kila wiki mbili au tatu, lakini kopo la mafuta libaki kando ya kitanda, mahali ambapo mkono unalifikia kabla taa haijazimwa.